Sura ya Tano: Kabla ya Kuformata

Alifika jioni, mvua ya Januari ilipopumua kidogo. Kompyuta yake ya mkononi alikuwa ameifunga kwa kitenge, kisha akaitia ndani ya mfuko wa plastiki. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, aliyekuwa akiandika memwari, yaani tasnifu yake. Aliketi kwenye kibao cha wateja, akaifungua taratibu kama anayefunua kidonda mbele ya mganga.

"Yaya, mashini ilikufa," akasema. "Memwari yangu na bintu byangu byote biko mule ndani."

"Ulionyesha muntu mwingine?"

"Kule mjini banasema ni kuformata tu."

Niliiwasha. Skrini ikabaki nyeusi, ikatoa mistari michache ya maandishi meupe, na chini yake neno moja ndani ya mabano, `initramfs`, likifuatiwa na alama inayopepesa, ikisubiri. Alikuwa ameyaona maandishi yale tangu juzi. Fundi wa mjini naye aliyaona. Hakuna aliyeyasoma.

Kuformata ndiyo dawa ya kila ugonjwa katika mji wetu. Mashini imekuwa nzito? Formata. Sauti haitoki? Formata. Umesahau neno la siri? Formata. Kwa fundi ni njia nyepesi: haimdai ajue kilichotokea, inakwisha kwa saa moja, na bei yake inajulikana. Hasara inabaki kwa mwenye mashini, ambaye anaondoka na kompyuta safi kama nyumba iliyoingiliwa na wezi. Na kwa kuwa chanzo hakikuguswa, baada ya mwezi anarudi na ugonjwa ule ule.

Katika sura zilizotangulia tuliuweka mfumo wa Linux kwenye kompyuta za mtumba, zile zinazotufikia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Tuliona pia kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida ya Windows 10, wakati Windows 11 inadai chipu ya ulinzi ambayo mashini nyingi za zamani hazina. Sura hii inaanza pale sifa zinapoishia: siku mfumo wetu mpya unapokwama.

Maana utakwama. Mfumo huria huugua kama mingine. Ila ukiugua, unasema unaumwa wapi. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Linux haifichi maradhi. Inayataja kwa maandishi ambayo wengi wetu tumezoea kuyaruka kwa macho. Kazi ya sura hii ni kukuzoesha kuyasoma.

Printa iliyokwama

Tabia hii ya kusema ina historia, na historia yenyewe inaanza na karatasi iliyokwama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Marekani, ilipewa na kampuni ya Xerox printa mpya ya leza. Ilikuwa na kasi, lakini ilikwama mara kwa mara. Mtu alituma kazi, akasubiri, akaifuata printa ilipo, akakuta imesimama na kazi za watu wengine zimerundikana mbele ya yake.

Mtaalamu mmoja wa pale, Richard Stallman, alikuwa ameshaitibu printa ya zamani: alibadilisha programu yake ili ikikwama iwatumie ujumbe wote wanaosubiri. Kwa hii mpya hakuweza, kwa kuwa Xerox haikutoa msimbo wake. Alipomwendea mtafiti wa chuo kingine aliyekuwa nao, akanyimwa, kwani mtafiti yule alikuwa ametia saini ahadi ya kutoutoa. Yeyote aliyewahi kupanga foleni kwenye vibanda vya fotokopi karibu na Chuo Kikuu cha Lubumbashi, msimu wa kutoa memwari, anaielewa hasira ile bila kufafanuliwa. Na tuangalie vizuri Stallman alitaka nini. Printa isiyokwama hakuidai. Alidai printa inayosema kwamba imekwama.

Tarehe 27 Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo mzima ambao kila mtu ataruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Tarehe 25 Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki mwenye miaka 21, akatangaza kiini cha mfumo alichokuwa anakiandika mwenyewe. Kazi hizo mbili zilipoungana ukapatikana mfumo tunaouita Linux. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akatoa toleo lililolenga watu wa kawaida, akaliita Ubuntu, neno la lugha za Kinguni ambalo Waluba wa kwetu wanalitamka bumuntu na Waswahili tunalisema utu. Linux Mint, ambayo ndiyo ninayowawekea wateja wengi, ilizaliwa juu ya Ubuntu mwaka 2006.

Umeme ulipoondoka

Turudi kwenye skrini nyeusi ya yule mwanafunzi. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, na yalisema mambo matatu tu. La kwanza ni mahali: `/dev/sda2`, yaani sehemu ya pili ya diski ya kwanza. La pili ni ugonjwa: humo ndani kuna mkanganyo usiotarajiwa. La tatu ni dawa: endesha `fsck` kwa mkono wako. Mahali, ugonjwa, dawa. Ni madaktari wachache wanaoandika wazi namna hiyo.

Chanzo nilikijua kabla ya kumuuliza. Sehemu ya umeme wa Katanga hutoka kwenye mabwawa yetu: Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, Nzilo na Nseke kwenye Lualaba. Sehemu nyingine husafiri kutoka Inga, upande wa pili wa nchi, kwa waya wa takriban kilomita 1,700 uliokamilika mwaka 1982 na kuishia Kolwezi. Migodi na nyumba zinagawana unaofika, na usipotosha zinapeana zamu. Ndiyo hiyo delestaji. Mkazi wa Kenya, namaanisha komini yetu ya Kenya na si ile nchi, ameshaizoea na ana mshumaa mezani. Kompyuta haijui zamu. Tena betri ya mashini ile, yenye kobalti ambayo huenda ilichimbwa kilomita kama 300 kutoka hapa nilipokaa, ilikuwa imechoka zamani. Ilikuwa ikiishi kwa waya wa ukutani tu.

Unapohifadhi faili, kompyuta inaandika mahali zaidi ya pamoja: maandishi yenyewe, jina lake, na orodha ya nafasi zilizojaa. Umeme ukikatika katikati, huku kumeandikwa na kule hakujaandikwa. Mfumo wa faili wa ext4, ulioingia rasmi kwenye Linux mwaka 2008, unajikinga kwa mbinu ya mwenye duka mwangalifu. Kabla ya kuhamisha gunia anaandika daftarini: nahamisha gunia. Akizimiwa taa katikati, taa ikirudi anasoma daftari, anamaliza kazi au anaifuta. Ndiyo maana mara nyingi umeme unaondoka na kurudi bila wewe kujua kama kuna kilichotokea. Lakini daftari nalo lina mwisho wake, hasa kwa diski ya zamani. Hesabu zikikataa kukubaliana, mfumo hausogei: unafunga mlango na kukuita.

Hapo panakuja kikwazo ambacho vitabu vya Ulaya havikitaji. Katika chumba hicho cheusi mara nyingi kibodi inakuwa imerudi kwenye mpangilio wa Kimarekani, wakati vidole na vibonye vyetu ni vya Kifaransa au Kibelgiji. Amri ni hii:

`fsck -y /dev/sda2`

Ukiangalia vibonye vya AZERTY na kuiandika kama unavyoiona, itakataliwa. Kistari kipo kwenye kibonye cha mabano kilicho kulia kwa sifuri. Mkwaju upo kwenye kibonye cha mwisho cha safu ya chini ya herufi, chenye alama ya mshangao kwenye kibodi ya Ufaransa, au alama ya sawasawa kwenye ile ya Ubelgiji. Herufi a utaipata kwa kubonyeza Q. Na 2 haitaki Shift. Nimekata kipande cha katoni nikaandika mambo hayo manne, nikakibandika ukutani juu ya meza yangu.

Mistari ilitiririka kwa dakika kadhaa: hiki kimerekebishwa, kile kimeunganishwa. Kisha nikaandika `exit`, na mashini ikaendelea na safari yake kama basi lililoondolewa tope. Memwari ilikuwepo. LibreOffice yenyewe ikajitolea kuirudisha nakala yake ya dharura, ambayo kwa kawaida huiweka kila baada ya dakika 10. Zilikosekana aya mbili. Yule mwanafunzi alizisoma kwa sauti kutoka kichwani mwake, akiziandika upya hapo hapo kwenye kibao.

Umeme ukikatika wakati mfumo unasasisha programu, jeraha linakuwa jingine. Siku inayofuata kila unachotaka kusakinisha kinakataa, na ujumbe unasema kwamba `dpkg`, mpanga-programu wa mfumo, alikatizwa kazini. Ndani ya ujumbe huo huo imo amri ya kumponya, `sudo dpkg --configure -a`. Unainakili tu. Nimewahi kuletewa mashini ya kuformatiwa kwa sababu ya ujumbe huo, jibu likiwa limekaa katikati ya swali.

Katanga iliyogeuka kqtqngq

Kundi la pili la wateja wangu halina ugonjwa wowote. Neno lao la siri limekataliwa, basi.

Tuseme neno lako ni katanga243. Kibodi yako ni AZERTY, lakini wakati wa kusakinisha mfumo uliacha mpangilio wa Kimarekani. Unabonyeza K, A, T, na kuendelea. Kompyuta inapokea kqtqngq, kwa sababu a na q wamebadilishana viti. Ukifika kwenye tarakimu unashika Shift kama kawaida ya AZERTY, na 243 inaingia kama @$#. Skrini inaonyesha nukta tu. Unarudia mara tano kwa uangalifu ule ule, na mara tano unaandika kosa lile lile.

Dawa yake haigharimu kitu: liandike neno lako pale linapoonekana, kwa mfano kwenye nafasi ya jina la mtumiaji, ulitazame. Ukiona kqtqngq, umeshajua. Kwenye ukurasa wa kuingilia kuna alama ndogo ya mpangilio wa kibodi, ibadilishe. Ukishaingia, amri `sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration` inalimaliza jambo hilo moja kwa moja. Utakuta orodha ya nchi, na nchi yetu imo: mpangilio unaoitwa `cd`, wa Kifaransa cha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Usiuchanganye na amri `cd`, ya kuhamia folda nyingine, ingawa herufi ni zile zile zinazofunga anwani zetu za intaneti.

Na neno moja kwa wanaoanza: unapoandika neno la siri kwenye dirisha la amri, mara nyingi hakionekani chochote, hata nukta. Kibodi haijafa. Andika, bonyeza Enter.

Saa mbili kamili

Mji wetu una jina lake ndani ya kompyuta za Linux dunia nzima. Fungua folda ya `/usr/share/zoneinfo/Africa` na utakuta faili liitwalo Lubumbashi, folda moja na Kinshasa. Ni sehemu ya hifadhidata ya majira ya dunia, inayotunzwa chini ya IANA tangu mwaka 2011. Kongo ina majira mawili: Kinshasa iko saa 1 mbele ya saa ya dunia, yaani UTC, na sisi tuko saa 2 mbele. Anayesakinisha mfumo akabofya mji mkuu kwa mazoea atachelewa saa moja kila siku hadi aandike:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi`

Lakini kuna kosa jingine la saa ambalo nalipenda kuliko makosa yote, kwa jinsi linavyofundisha kusoma. Mtu ana Windows na Linux kwenye mashini moja. Analalamika kwamba saa inaruka: akitoka huku akiingia kule, haiko sawa. Ninamuuliza swali moja: inakosea kwa kiasi gani? Akijibu "saa mbili", simgusi hata betri.

Ndani ya kila kompyuta kuna saa ndogo inayotembea hata mashini ikizimwa. Windows huiandikia saa ya ukutani. Linux huiandikia saa ya dunia, kisha hujumlisha tofauti ya mji ulipo. Sasa fuata. Ni 14:00 na Windows imeandika 14:00. Linux inaingia, inadhani hiyo ni saa ya dunia, inaongeza 2, inakuonyesha 16:00. Intaneti ikipatikana inajisahihisha na kuandika 12:00 kwenye ile saa ndogo. Unarudi Windows, nayo inakuambia ni 12:00. Kila mmoja yuko sahihi kwa kanuni zake, na kila mmoja anaharibu hesabu ya mwenzake, kama ndugu wawili wanaotumia daftari moja la madeni, mmoja akiandika kwa franka na mwingine kwa dola. Amri ya `timedatectl set-local-rtc 1` inaifanya Linux ifuate kanuni ya Windows, na ugomvi unakwisha.

Tazama kilichotuongoza. Ukubwa wa kosa ndio uliokuwa ujumbe. Angekuwa Kinshasa, kosa hilo hilo lingekuwa la saa moja. Betri ya saa ikifa, ile ya duara kama sarafu yenye maandishi CR2032, tofauti haiwi kamili namna hiyo. Linux nyingi za leo hukumbuka saa iliyoandikwa mara ya mwisho kwenye diski, kwa hiyo mashini iliyolala kabatini tangu Julai huweza kuamka Novemba ikidhani bado ni Julai. Kisha kivinjari kinakataa kufungua kurasa, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti nyingi hudumu siku 90 tu, na kwa saa ya mashini hiyo vyeti vya sasa havijaanza kutumika. Mwenyewe analaumu mega zake za intaneti. Kasoro ni betri ya duara.

Mega na flashi

Wi-Fi kukosekana baada ya kusakinisha mfumo ndiko kunakowatisha wageni zaidi. Watengenezaji wa baadhi ya kadi, Broadcom akitajwa mara nyingi, hutumia vipande vya programu visivyo huria, na mifumo mingi haikuvibeba. Debian yenyewe iliamua kwa kura mwaka 2022 kuviingiza kwenye diski yake ya usakinishaji, na toleo la 12, la Juni 2023, likatoka navyo.

Kujua kadi yako ni ipi, andika `lspci -k` na utafute mstari wa mtandao. Kama chini yake hakuna mstari wa kiendeshi kinachotumika, umepata jibu: kadi iko hai, haina wa kuiendesha. Na intaneti ya kukipakua kiendeshi hicho? Chomeka simu yako kwa waya wa USB, uwashe kugawana intaneti kupitia waya huo. Linux kwa kawaida inaiona simu kama waya wa mtandao, bila kudai chochote. Ukishapata njia, meneja wa viendeshi wa Mint anamaliza kazi.

Ila mega zina bei, na sasisho la kwanza laweza kula mamia ya mega. Kwenye mipangilio ya mtandao, tia alama kwamba muunganisho huo ni wa kupimwa. Na kama nyumbani kuna mashini mbili za toleo moja la mfumo, pakua mara moja tu. Sasisha ya kwanza kwa `apt-get`, si `apt`, kwa sababu `apt` hufuta vifurushi baada ya kuvisakinisha na `apt-get` huviacha. Utavikuta kwenye `/var/cache/apt/archives`. Vibebe kwa flashi, viweke kwenye folda ya jina hilo hilo upande wa pili, sasisha na huko. Mfumo utaona mzigo uko nyumbani tayari.

Flashi yenyewe ndiyo inayoleta majirani mlangoni. Imetoka saiba ikiwa na virusi vya Windows, folda zote zimegeuka njia za mkato, na mwenyewe ameshaambiwa, umekisia, aiformate. Ichomeke kwenye Linux. Kirusi kile kiliandikwa kwa ajili ya mfumo mwingine, kwa hiyo kinalala tu kama faili lolote. Na kwa kuwa Linux kwa kawaida haijali alama ya kuficha ya Windows, folda halisi utaziona zimekaa pale pale. Zinakili, futa njia za mkato, mrudishie mtu mali yake.

Namna ya kuuliza

Si kila ujumbe unabeba dawa yake. Mwingine ni wa kutafutiwa maana, na hapo panahitajika adabu ya kuuliza.

Kwanza, nakili ujumbe jinsi ulivyo. "Haifanyi kazi" si ujumbe. Pili, kama mfumo wako unasema Kifaransa, kama ilivyo kwa wengi wetu hapa, tanguliza `LC_ALL=C` kabla ya amri. Kwa amri hiyo moja tu, jibu litakuja kwa Kiingereza, lugha ambayo wenye tatizo lako wengi duniani wameandika nayo majibu. Tatu, jiulize ni nini kilibadilika. Mashini ikiwa ilikuwa nzima jana na leo ni mgonjwa, kuna kitu kilipita katikati. Amri `journalctl -b -1 -p err` hukuonyesha makosa ya safari iliyopita ya kompyuta, mradi kumbukumbu zinahifadhiwa, tangu ilipowashwa hadi ilipozimika.

Mfano: unaandika neno la siri sahihi, skrini inapepesa, inakurudisha pale pale kwenye ukurasa wa kuingilia. Wengi hudhani akaunti imeharibika. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Utapata ukurasa wa maandishi matupu. Ingia hapo, andika `df -h`. Ukiona asilimia 100, diski imejaa hadi mfumo hauna hata nafasi ya kuandika kwamba umeingia. `sudo apt-get clean` na `sudo journalctl --vacuum-size=200M` vitakupatia pumzi ya kwanza, kisha utaingia na kuzihamisha filamu zako mwenyewe.

Nne, andika. Nina daftari la karatasi, la kawaida, lenye safu tatu: mashini ilisema nini, nilifanya nini, ilijibu nini. Siku umeme haupo, daftari linasomeka kwa mshumaa. Nchi nzima inaijua Ibara ya 15, ile isiyoandikwa katika katiba yoyote ya leo na inayotuambia tujitegemee wenyewe. Mimi naiheshimu. Lakini kujitegemea bila kuandika ni kuanza upya kila siku, na kuanza upya kila siku ndiko kuformata kwenyewe.

Diski iliyokuwa inalia

Kusoma hakuponyi kila kitu. Kuna siku ujumbe unasema hakuna dawa, nao inafaa kuusikia mapema.

Mzee mmoja, mstaafu wa kampuni ya migodi ya Gécamines, aliniletea kompyuta ya mezani akiwa ameibeba begani. Picha za watoto wake walio ng'ambo zote zilikuwa humo, na za mazishi ya mkewe. Niliwasha kutoka kwenye flashi, bila kuigusa diski yake, nikaandika `sudo dmesg`. Mistari ilirudia jambo moja: kosa la kusoma, kosa la kusoma, diski ile ile. `smartctl` ikathibitisha: diski ilikuwa imeshaanza kuhesabu vipande vyake vilivyokufa.

Hapa ile `fsck` iliyomwokoa mwanafunzi ingekuwa sumu, kwa kuwa ingeilazimisha diski inayokufa ifanye kazi ya ukarabati. Kuformata kungekuwa kubaya zaidi: diski ingeonekana nzima kwa majuma mawili, tupu, kisha ingekufa na picha mpya. Kinachofanywa ni kunakili kwanza. Programu ya `ddrescue` huchukua kwanza vilivyo rahisi kusomeka, ikiviruka vigumu, halafu inavirudia vigumu kimoja kimoja. Ilikesha usiku mzima kwenye betri ya gari na inveta. Asubuhi tulikuwa na picha karibu zote kwenye diski nyingine.

Nilimuuliza alikuwa ameitumia kwa muda gani ikiwa katika hali ile, maana diski za namna hiyo hunifikia zikiwa zimeshasagwa kabisa. Kila mtu huzima, huwasha, huzima, huwasha, akitumaini.

"Hata siku moja," akasema. "Mwana, ilianza kulia mubaya. Tak, tak, tak. Nikaizima palepale, nikakuya kwako."

Miaka yake mingi kazini aliishi na mashine kubwa kuliko nyumba. Kompyuta hakuijua sana, na neno `dmesg` hakuwahi kulisikia. Ila mashine ilipoanza kusema, alinyamaza na kuisikiliza.